Sare ya Ukoo

Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi nilikuwa mimi, kwa hiyo simsingizii mtu.

Tulikuwa watu tisa, tunatoka Mwanza kwenda kulala siku mbili Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria. Miezi minne nakimbizana na watu wa michango kwenye grupu. Nilisoma kila kitu: hifadhi ya taifa tangu 1977, kuna nzohe, wale swala wa kwenye vinamasi, kuna tembo, kuna sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wengine wastaafu wa sarakasi. Simba hakuna. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa ili shemeji alipe.

Halafu nikashonesha sare. Fulana za bluu iliyokoza, kofia nyeusi, mgongoni UKOO KWANZA. Mama mkwe peke yake alikataa. "Sare ni ya harusi na msiba," alisema. "Safari yako hii ni ipi kati ya hizo?" Akajifunga kitenge chake cha rangi ya ugoro.

Tukavuka na boti kutoka Mganza tukiimba. Askari wa hifadhi alitupokea, akatutazama juu mpaka chini.

"Shikamoo mzee. Hizi nguo nani kawachagulia?"

"Mimi!" nikajibu, kifua mbele.

Hakusema neno. Alivuta pumzi tu, kama daktari aliyeshika majibu ya vipimo vyako.

Dakika kumi porini hazikuisha. Mbung'o hana ustaarabu wa mbu, wa kuimba kwanza ujue amefika. Anatua kimya, anachoma juu ya fulana hiyo hiyo, na ukimpiga kofi anaondoka mzima wakati wewe unabaki na maumivu mawili. Shemeji, mtu wa kilo mia na kitu, aliruka kichaka ambacho nyani angekizunguka. Sote tukatimua mbio. Kumbe mdudu yule anapenda kinachokwenda, wakatufuata kama wana tiketi. Kama wale sokwe walikuwa wanachungulia, basi siku hiyo sarakasi iliwarudia.

Askari, ndani ya kaki yake, alikuwa anatembea tu. Alipotufikia akatueleza taratibu kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi: bluu inamwita kutoka mbali, kwenye nyeusi anatua. Nikamgeukia shemeji. Fulana bluu, kofia nyeusi. Mtego kamili, tena una miguu na umelipa kiingilio.

Mama mkwe tulimkuta kambini baadaye, miguu kaikunja mkekani, anakunywa chai.

"Nimeona nzohe wawili," akasema. "Ninyi mmeona nini, baba?"

Jioni askari alirudi, anajikuna kichwa kwa aibu.

"Mzee, samahani. Hizo fulana, kama hamna kazi nazo tena, mngetuachia."

Nilimpa zote nane. Shemeji akaongeza na kofia.