Kutotoa maoni kwa adabu kuna mahali pake

Vijana wa Lamu wanaoishi kwa kuhudumia wageni, wawe manahodha wa madau, waongozaji wa mjini au wahudumu wa nyumba za wageni kule Shela, huulizwa maswali mazito kuliko diwani. Mgeni akishazoea mji, huacha kuuliza ngome ilijengwa lini. Anataka kujua bandari imeleta heri au shari, rais anapendwa au hapendwi, kwa nini yule punda amebebeshwa mawe yote yale, na kama wanawake wanavaa buibui kwa hiari yao. Kijana yuko kazini, na kipato chake cha leo kiko mkononi mwa anayeuliza. Ana haki ya kubaki na maoni yake moyoni. Naamini haki hiyo ifundishwe pamoja na Kiingereza chenyewe.

Sisi kwa sisi hatuna shida hapo. Mtu akisema "wenyewe ndio wajuao", au "Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi", aliyeuliza huelewa kwamba mlango umefungwa, akahamia habari za bahari na bei ya samaki. Mgeni haoni mlango wowote. Kijana akisema "maybe" huku akitabasamu, mgeni huchukua kwamba amekubaliwa nusu, akaendelea kuchimba. Mwishowe kijana huitikia ndiyo kwa jambo asiloliamini, ili tu mazungumzo yaishe. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu wa dini na heshima zake anasukumwa kusema uongo kwa kukosa sentensi moja.

Na sentensi zipo. Ninayoipenda zaidi ni "I'd rather not say". Inakiri kwamba nina maoni, kisha inasema kwamba siyatoi. Hakuna uongo ndani yake. Waingereza wenyewe wamezoea kumwachia mtu nafasi hiyo: fomu zao nyingi zina kisanduku cha asiyependa kujibu, na swali la dini katika sensa ya Uingereza na Wales, lililoingizwa mwaka 2001, ni la hiari. Kwa hiyo kijana wa mtaa wetu wa Mkomani asione haya kuitumia. Akiongeza tabasamu na kumwonyesha mgeni mlango uliochongwa mbele yake, hakuna atakayekasirika.

"I can see both sides" nayo ni nzuri, ila ina masharti. Ukisema unaona hoja za pande zote mbili, jiandae kuombwa uzieleze. Kuhusu punda, kwa mfano, anayejua hali ya mji atasema vichochoro vyetu havipitishi gari, mchanga na mawe ya ujenzi lazima yabebwe na mnyama, na papo hapo hapa mjini kuna kliniki ya punda tangu miaka ya 1980 kwa sababu wapo wanaoumia. Hapo hajatoa maoni yake, na mgeni ameondoka na elimu.

"No comment" ningewashauri waiache kabisa. Ni kauli ya mtu aliyezungukwa na waandishi wa habari, au aliyekalishwa mbele ya polisi. Kunyamaza mbele ya polisi ni haki, hata Katiba yetu ya 2010 inampa aliyekamatwa haki hiyo katika kifungu cha 49. Lakini ukiitamka juu ya dau wakati jua linatua, mgeni atadhani kuna jambo unalificha.

Inabaki "It's not for me to say", yaani si mahali pangu kusema. Hii ndiyo inayotoka vinywani mwetu upesi kuliko zote, kwa sababu inafanana na malezi yetu: mdogo hasemi mbele ya wakubwa, na mwanamke akiwa kwenye kikao cha wanaume hungoja mumewe azungumze. Kwa mgeni anayeuliza siasa, haina madhara. Kinachonitia hofu ni kuiona ikiingia kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma, yaani vile ambapo wananchi huulizwa maoni yao kabla mradi haujaidhinishwa.

Lamu tunajua uzito wa vikao hivyo. Katiba, kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ulishapewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni hiyo, na mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi zote mbili zilikuwepo kwa sababu kuna wenyeji waliokubali kusema kwa majina yao, wengine wakiwa watu wa kawaida wa jarife na mtumbwi.

Anayesema "si mahali pangu" ukumbini amesaini orodha ya waliohudhuria. Jina lake limebaki kwenye karatasi, na pingamizi lake halimo. Atakayeisoma orodha ile ofisini Nairobi ataona tu kwamba watu walikuja, wakasikiliza, na hakuna aliyepinga. Adabu yetu itahesabiwa kuwa ridhaa.

Simlazimishi mtu kusimama na kupinga asichokijua. Kama ripoti ya mradi haikuletwa mapema, au imeletwa kwa Kiingereza cha wanasheria peke yake, basi kutotoa maoni ni jambo la haki kabisa, mradi lisemwe kwa sauti na kwa sababu yake. Mama aliyekaa nyuma anaweza kuinua mkono akasema: "Sijaipata ripoti kwa lugha ninayoisoma, kwa hiyo leo siungi mkono wala sipingi. Naomba karani aliandike hilo." Kisha, kabla ya kutoka, aombe asomewe kilichoandikwa, na nakala ya kumbukumbu za kikao ibaki mtaani.