Msalaba usio na shingo

Kila nikiwatumia watu wa nyumbani picha za vitu vya kale vya huku Uingereza, jibu ni lile lile: "Wenzetu wanajua kutunza. Sisi hata tukiachiwa dhahabu tutaiponda kokoto." Safari hii alikuwa mjomba wangu, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima, jogoo akiwika nyuma yake. Mjomba, shikamoo. Kwa hili sikubaliani nawe.

Picha yenyewe niliipiga Eyam, kijiji cha milimani huko Derbyshire, safari ya basi tu kutoka Sheffield ninakoishi mwaka wa tisa sasa. Makaburini pa kanisa la Mtakatifu Lawrence pamesimama msalaba wa mawe uliochongwa karne ya 8 au mwanzoni mwa karne ya 9. Kichwani kuna malaika, chini kwenye nguzo kuna Bikira Maria na mtoto, na ubavuni mashina ya mmea yanajiviringa kwenda juu. Yafuate kwa macho: yanapanda, yanapanda, halafu basi, umeshafika kwenye kichwa cha msalaba. Kipande cha nguzo hakipo. Msalaba umekaa kama mtu asiye na shingo.

Kimekwenda wapi? Simulizi ya hapo kijijini ni kwamba watu walikivunjavunja wakayatumia mawe kwa shughuli za nyumbani. Kichwa nacho kilikuwa kimetupwa pembeni mwa makaburi, magugu yamekifunika, mpaka karne ya 18 alipopita John Howard, yule mtetezi wa wafungwa, akaona aibu na kutaka kisimamishwe tena. Mgeni mpita njia ndiye aliyewazindua wenyewe.

Na hawa si watu wasiojua kukumbuka. Ni Eyam hii hii iliyojifungia wakati wa tauni ya 1665 na 1666 ili ugonjwa usivuke kwenda vijiji jirani, wakafa watu wapatao 260. Catherine, mke wa kasisi Mompesson aliyewaongoza, amezikwa hatua chache tu kutoka kwenye msalaba huo. Majina ya waliokufa yameandikwa kwenye vibao mbele ya nyumba zao. Lakini wajukuu wao waliuacha msalaba ulale kwenye magugu. Kwa hiyo huo utunzaji tunaousifu hawakuzaliwa nao. Waliharibu kwanza, kama sisi, wakashtuka baadaye.

Sasa turudi kwetu Malindi. Tunayo nguzo ya Vasco da Gama juu ya mwamba, na kileleni ule msalaba wa jiwe lililotoka Ureno. Mawimbi yanautafuna mwamba ule mwaka baada ya mwaka. Ni wangapi kati yetu tumeingia pale, ukiondoa ile siku moja ya safari ya shule? Kuna ua, kuna lango, kuna tiketi. Hata kile kikanisa cha Wareno cha makuti, chenye makaburi yake, ambacho mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alikipitia mwaka 1542 akielekea India, tunakiona tukiwa juu ya bodaboda. Tukiulizwa tunasema ni vitu vya Wareno. Sawa, lakini makaburi ya nguzo yaliyo kando ya Msikiti wa Juma ni ya Wareno pia?

Pale Eyam sheria inaulinda msalaba, lakini hakuna anayekudai senti. Nilimkuta bibi mmoja akikata nyasi kwenye kaburi la mumewe, chupa yake ya chai ameiegemeza kwenye jiwe la jirani. Nilipomuuliza habari za msalaba alinyoosha mkasi tu: "Ah, ule umekuwepo siku zote." Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Msalaba umo katikati ya wafu wao wenyewe, na mtu anayekuja kupalilia kwa mumewe anauona ukipata ufa. Nguzo yetu tumeiachia serikali na watalii, tukabaki kulaumu.

Ila nami nisijitoe. Kaburi la babu yake babu yetu kule shambani lilikuwa na ukuta mfupi wa matumbawe, pembeni umechongwa urembo kama wa fremu ya mlango. Nilikuwa na miaka kumi na mitano ukuta ulipobomoka, na jirani akaomba mawe ya kujengea choo. Mjomba, wewe ndiye uliyempa ruhusa, na mimi ndiye niliyesukuma mkokoteni. Tulimaliza kwa safari nne, akatupa soda.

Disemba nakuja, inshallah. Nataka twende pamoja kwa yule mzee tukamwombe lile jiwe moja lenye urembo, kama bado anatukumbuka. Halijapotea. Ni kidato cha pili cha kuingilia chooni, upande uliochongwa umetazama juu.