Huo wa Kijani Hauna Kazi

Fundi aliyekuja kunifungia shawa ya umeme ameondoka sasa hivi na bisibisi yangu. Sisemi ameiba, mimi si mtu wa kumtuhumu mtoto wa watu. Ameisahau mfukoni mwake, na simu yake nayo imesahau kupokea. Acheni nikae hapa kibarazani nipumue, maana nikiingia ndani Mama Shamim ataniuliza maji ya moto yako wapi, na mtu mzima mwenye mvi zake, anayewekewa kiti cha mbele kwenye kila harusi hapa Kireka, haulizwi swali la namna hiyo mbele ya watoto.

Asubuhi zetu za Julai mnazijua. Sigiri yenye mkaa uliolowa mnaijua. Kwa hiyo siku niliyoona kwa shemeji yangu Ntinda maji ya moto yanatoka ukutani, bila sufuria, bila beseni, bila mtu kupiga kelele "nani kachukua maji yangu", nikasema basi, nami nimevumilia vya kutosha. Uganda yetu ina bwawa la umeme la Karuma, megawati 600, limezinduliwa 2024. Kuna Bujagali, kuna Isimba, kuna lile bwawa la Jinja lililoanza kazi tangu 1954. Katika megawati zote hizo sikosi kilowati tano na nusu za kuogea mgongo.

Dukani Nakasero, Haji aliniuliza jambo moja tu: unataka shawa ya maji ya chumvi au ya maji ya kawaida? Nikamwambia, Haji, sisi tunakunywa maji ya ziwani yanayotoka Ggaba, chumvi iko Katwe, tena ile Katwe ya Kasese. Akasema chukua tu ya chumvi, koili yake, ile inayopasha moto, imefunikwa, haigusani na maji. Bei akaitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari za msiba.

Sasa njooni kwa fundi.

Tulipatana saa mbili asubuhi. Saa mbili akawa "niko kwenye boda". Saa nne akawa "niko hapa Banda, mzee", na Banda na Kireka mnajua zilivyopakana, hata mwenye mguu mmoja angekuwa ameshafika. Alitokea baada ya adhuhuri akiwa na testa moja, nyundo moja na kijana wa kumshikia tochi. Tochi yenyewe ilikuwa yangu. Bisibisi yangu. Kisu cha jikoni cha Mama Shamim. Stuli ya jirani. Halafu akaniuliza kwa upole kama kuna chai.

Akapanda stuli, akafungua taa ya bafuni, akachungulia, akasema, "Mzee, tunachota hapa hapa."

"Fundi, hiyo ni waya ya taa."

"Umeme ni umeme, mzee."

Nikakohoa kidogo, kile kikohozi cha mwenye nyumba, nikafungua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Nikamsomea. Wati 5,500. Gawa kwa volti 240, unapata karibu ampea 23. Hiyo waya ya taa ni ya milimita moja na nusu, inabeba balbu na nzi anayeizunguka. Shawa inataka waya yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, milimita nne kwenda juu, na breka yake yenyewe.

Fundi akashuka. Akaniangalia. "Mzee, ulikuwa mwalimu wa sayansi?"

"Hapana. Nimesoma karatasi."

"Hizo karatasi wanaziandika ili boksi lijae."

"Hawa ni watu wa Brazil, fundi. Kule shawa hizi zimejaa majumbani."

"Brazil? Wale waliofungwa saba na Ujerumani nyumbani kwao? Ndio wa kukuandikia wewe karatasi?"

Kijana wa tochi akacheka mpaka tukabaki gizani.

Haya. Nikapanda boda mimi mwenyewe, mwenye nyumba, kwenda kununua waya nene na breka, bei siitaji, nisije nikapandisha presha. Kurudi, namkuta kazi imesonga mbele. Waya mbili zimeshaingia kwenye shawa. Ya tatu, ya kijani, ameikata, ameikunja, ameizungushia utepe mweusi na kuilaza ukutani vizuri kabisa. Siku nzima hakufanya kazi safi kama ile.

"Na hii ya kijani?"

"Hiyo ya kijani haina kazi."

"Ni ya ardhi, fundi!"

"Mzee, nyumba nzima imekaa juu ya ardhi. Unataka ardhi gani tena?"

Nikavuta pumzi. Nikajikumbusha mimi ni nani katika mtaa huu. Nikamwuliza taratibu, kwa Kiswahili cha msikitini: umeme ukivuja, utapita wapi?

"Utakata."

"Utakatwa na nani?"

"Utakata tu wenyewe, mzee. Mimi hizi nimezifunga nyingi."

"Na wenye nyumba wanasemaje?"

"Hakuna aliyelalamika."

Hapo ndipo heshima ilipodondoka, ikabiringika hadi kwenye tundu la maji. Hakuna aliyelalamika! Mtu yuko uchi, amelowa, ana sabuni machoni, miguu iko kwenye saruji yenye maji, kichwa kiko chini ya kilowati tano na nusu, halafu wewe unangoja malalamiko yake? Atayaleta kwa simu ya nani? Nilipiga kelele mpaka mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, akachungulia dirishani, akaona ni mambo ya umeme, akakumbuka ana kikao.

Na fundi hakukasirika, ndiyo iliyoniuma. Alinionea huruma. "Mzee," akasema, "kumbe wewe unaogopa umeme."

Naam! Naogopa! Nina watoto watatu na mke mmoja! Katika mji huu kutoogopa umeme ndiyo cheti. Mamlaka ya kudhibiti umeme inatoa vibali kwa mafundi wa nyaya, jambo hilo hata mimi nalijua. Nikamwambia nionyeshe kibali. Akanionyesha kidole kilichoungua.

Nikasimama pale, mikono kiunoni, mpaka ile ya kijani ikafunguliwa utepe na kuunganishwa. Nikatoka nje nyuma ya nyumba kuhakikisha ile fimbo ya shaba iliyopigwa chini, inapoishia waya ya ardhi, bado ipo. Ipo. Mbuzi wa jirani amefungwa hapo. Anaizunguka, anaitikisa, amekula majani yote yaliyo karibu na sasa anaionja waya yenyewe. Kijana wa tochi akaja akasimama pembeni yangu, akatazama kwa makini, akasema, "Sasa mzee, mbuzi ndiye yuko salama kuliko sisi sote."

Kujaribu nako kulikuwa vita. Fundi anataka kuwasha breka kwanza aone kama "inapokea". Karatasi inasema maji yapite kwanza, chumba cha koili kijae, la sivyo koili inaungua siku ile ile uliyoinunua. Nilisimama mbele ya boksi kuu na kifua changu chote. Tukafungua maji. Yakashuka kwa adabu, tone, likafuata tone. Breka juu. Kimya. Baridi ile ile.

"Imekufa," akasema fundi. "Ununue nyingine."

Haijafa. Shawa hizi haziamki mpaka maji yazisukume ndani kwa nguvu, na tangi langu limekaa juu ya paa la bafu hapo hapo, halina mwinuko wa kusukuma hata unyoya. Linatakiwa kupanda juu, yaani vyuma, yaani fundi wa kuchomelea, yaani boda, yaani chai nyingine. Fundi akasema anakwenda kumwita mmoja anayemjua, dakika tano. Ndiyo hiyo safari aliyokwenda na bisibisi.

Na hata likipanda, sijui nifurahie nini. Kijana wangu wa sekondari, Senia Tatu, haogi chini ya dakika kumi, anaimba albamu nzima. Dakika kumi ni karibu yuniti moja ya Yaka, ile mita ya kulipia kabla. Tuko watano. Zile yuniti 15 za bei nafuu za kila mwezi zitakuwa zimekwisha siku ya nne asubuhi, baada ya hapo bei inapanda, na mimi nitakuwa bafuni na povu kichwani nikisomewa tarakimu 20 za tokeni mlangoni na mtoto asiyetofautisha sita na tisa. Jirani naye, badala ya kuhamisha mbuzi wake, ametuma mtoto kuuliza kama shawa imeshaanza kufanya kazi. Wao ni sita, na wageni wa Iddi hawajaondoka.

Mama Shamim ameshawasha sigiri, nasikia harufu. Mkaa wenyewe ni wa yule bwana wa pale kona ambaye anapanga vipande vikubwa juu ya gunia, vinang'aa, halafu kutoka katikati kwenda chini ni vumbi tupu. Juzi nilimrudishia nusu ya gunia, nikamwambia bwana, hili ni vumbi. Akasema vumbi nalo linawaka, ni wewe tu hujui kulipanga. Mimi! Nimepika chai ya vikao vya msikiti miaka na miaka kwenye hiyo sigiri, leo nifundishwe kupanga vumbi na mtu ambaye hata mizani yake ameiegemeza kwa jiwe...