Dereva alituhesabu mara nne

Dada dereva alisimama mbele ya viti na karatasi yake mkononi, akaanza kuita majina. Saa mbili asubuhi, mji mdogo wa West Yellowstone, jimbo la Montana, nyuzi 24 chini ya sifuri. Tulikuwa abiria 11. Alipofika kwenye jina langu alisita, akajaribu silabi mbili, akaacha, akaniangalia usoni. Nikanyoosha mkono. Akaweka vema. Kisha akahesabu vichwa kwa kidole, kimoja kimoja, akalinganisha na karatasi, ndipo akafunga mlango.

Mimi nimezaliwa Igoma, Mwanza. Mtu wa Igoma akihesabiwa namna hiyo kabla chombo hakijaondoka, lazima kuna kitu kinamkaba kooni. Nitafika huko. Kwanza hilo gari.

Nilipotuma picha kwenye kundi la familia, kaka yangu wa Nyakato aliuliza: "Hiyo Hiace imepandishwa juu ya trekta au?" Hakukosea sana. Ni basi dogo lililonyanyuliwa, magurudumu yake mapana yananipita kiuno, na upepo wake umepunguzwa makusudi hadi tairi linatandazika juu ya theluji kama unyayo wa ngamia mchangani. Mengine hayana matairi kabisa, yana minyororo ya mpira kama katapila. Kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi barabara nyingi za hifadhi ya Yellowstone hufungwa kwa magari ya kawaida. Theluji haikwanguliwi. Inaachwa, usiku mashine zinapita kuishindilia, na asubuhi ndiyo barabara yenyewe. Ni ile moja tu ya upande wa kaskazini inayosafishwa ili magari ya kila siku yapite.

Tulikuwa tunakwenda Old Faithful, ile chemchemi ya maji moto inayojirusha juu. Ni kilomita 48 hivi, kama Mwanza hadi Misungwi na kidogo mbele. Sisi tulitumia karibu saa tatu. Tiketi walininunulia wenzangu wa kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee huko Idaho Falls ninakofanya zamu ya usiku, baada ya kutimiza miaka mitano. Kwa fedha yangu nisingekwenda. Ukiigeuza kuwa shilingi unaona ada ya mtoto, na ukishaiona ada hutaki tena kuona theluji.

Kabla ya kupanda tulijaza fomu. Jina, umri, na mtu wa kutafutwa ikitokea jambo. Hapo niliganda na kalamu. Marekani yote nimtaje nani? Nikaandika namba ya kaka, na 255 yake mbele. Dada dereva aliitazama, akasema namba hii mbona ndefu. Nikamwambia ni ndefu kwa sababu iko mbali. Akacheka, lakini aliikagua tarakimu kwa tarakimu, nami namsomea.

Njiani baisoni walitufungia barabara. Ni kama nyati waliovaa blanketi, na migongo yao ilikuwa myeupe kwa barafu ambayo haiyeyuki, manyoya yanavyozuia joto la mwili lisitoke. Wao nao wamegundua kwamba theluji iliyoshindiliwa ni rahisi kutembelea kuliko ile laini inayowafika tumboni. Dereva alizima injini. Hakupiga honi. Dakika 20 tumekaa tunatazama makalio ya baisoni. Hapa lazima nikiri aibu: Serengeti imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, inafika karibu kabisa na Ziwa Victoria pale Ndabaka, basi la Musoma linapita getini, na mimi sijawahi kuingia. Nimemwona nyati wa Marekani kabla ya nyumbu wa kwetu.

Katika kungojea ndipo dereva akatusimulia asili ya magari haya. Mwanzilishi wake ni fundi wa Kanada, Joseph-Armand Bombardier, wa kijiji cha Valcourt, Quebec. Mwaka 1934, katika majira ya baridi, mtoto wake wa kiume wa miaka miwili aliugua, theluji ikiwa imefunga njia, na hakukuwa na namna ya kumfikisha hospitali. Mtoto akafa. Bombardier alikuwa tayari anahangaika na mashine za kutembea juu ya theluji, na baada ya hapo akahangaika zaidi. Mwaka 1937 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mfumo wake wa minyororo, akaanza kuuza gari la watu saba, kisha mwaka 1942 la watu 12, lenye madirisha ya mviringo kama ya meli. Yakabeba wagonjwa, wanafunzi na barua. Watalii wakaja baadaye: hapo Yellowstone magari yake yalianza kuwapeleka mwaka 1955.

Wenzangu garini walisema masikini, pole yake, kisha wakarudi kwenye picha za baisoni. Mimi nilibaki na yule mtoto. Wangapi kwetu kwenye visiwa vya ziwa wamefia majini au ufukweni wakingoja chombo cha kuwapeleka hospitali ya Nansio au ya Bugando?

Sasa Igoma. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa na miaka 11. MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikazama imekwisha kuiona Mwanza, upande wa Bwiru. Meli ya watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa walitajwa kuwa zaidi ya 800, na wengi wao wamelala Igoma, makaburi tuliyokuwa tunapita tukienda kucheza mpira. Kuhusu mazishi nakumbuka kidogo, vumbi na malori. Kinachonijia wazi ni watu wazima wamesimama barabarani, siku baada ya siku, wakibishana jambo moja: walikuwa wangapi? Kila mmoja na namba yake. Mtu aliyelipa nauli ya chini alikufa bila hata kuwa tarakimu.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka ikiwa inakaribia gati la Bwisya, kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, ng'ambo ya pili kisiwani Ukerewe, watu wanarudi na mizigo yao. Kivuko cha watu 100. Waliokufa walizidi 220, na swali likawa lilelile, walikuwa wangapi.

Njia hiyo naijua. Mwaka 1999, nikiwa kidato cha kwanza, nilikwenda likizo kwa mama mdogo, aliyekuwa mwalimu Ukara. Nilifika Bugolora kivuko kimeshaondoka, nikapata mtumbwi wa injini. Ulikuwa umejaa: magunia ya udaga wa muhogo, kreti za soda, mbuzi wawili, baiskeli imelazwa juu ya watu. Kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuteka maji yaliyoingia na kuyamwaga nje kwa dumu lililokatwa. Nahodha akasema basi, imetosha. Na mimi, naomba mnisikilize vizuri hapa, mimi mwenyewe ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia nitalala wapi, baba, mimi mgeni hapa. Akauliza, wewe mtoto wa nani? Nikamtajia mama mdogo. "Aa, mtoto wa mwalimu! Sogeeni, sogeeni!" Watu wakasogea. Nikakalishwa juu ya gunia karibu na injini, mama mmoja akanipa karanga, mwingine akanifunika kanga kwa ajili ya mawimbi. Tulipofika tayari nilikuwa najua habari za nusu ya kisiwa, na watoto wawili walikimbia mbele kumwambia mwalimu mgeni wake amekuja.

Hakuna aliyenihesabu. Ingepinduka, wangenitafuta kwa sababu ya mama mdogo, basi.

Kwa hiyo watu wa nyumbani wakiniambia wazungu wana nidhamu, wazungu wana fedha, nachoka. Lile gari ndiyo, ni la fedha nyingi. Ila kilichonishangaza safari ile kilikuwa karatasi moja na kalamu, na vyote viwili vinauzwa duka lolote la Kirumba. Tunabishana miaka na miaka kuhusu ukubwa wa kivuko na uzee wa injini, nami sipingi. Ukara baadaye ilipata kivuko kikubwa zaidi, na daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025; foleni ile ya kukesha tukingoja kivuko imekuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Vizuri sana. Lakini daraja halifiki Ukara, na mtumbwi unaotoka mwaloni saa 11 alfajiri hauna karatasi hadi leo.

Hauna kwa sababu hakuna anayeitaka. Mwenye chombo akiandika watu 60, kesho ataulizwa kodi ya 60, na kesho kutwa ataulizwa mbona chombo ni cha 40. Abiria naye akiona kalamu anajua kuna mtu atakayeambiwa shuka, na hataki awe yeye. Halafu kuna bibi zetu. Bibi yangu mzaa mama ukimuuliza ana wajukuu wangapi anajibu "wapo". Kuku anawahesabu kwa macho, mdomo umefungwa. Kuhesabu watu ni kuwaitia balaa. Nilikua nikiheshimu jambo hilo, na bado naliheshimu nikiwa uani kwake. Kwenye maji hapana.

Na upande wa pili? Nauona kila usiku. Kazini kila baada ya saa mbili napita vyumbani na karatasi: yupo, amelala, anapumua, vema. Wazee 31, hakuna anayepotea. Kuna mmoja nimemwekea vema miaka mitano na sijawahi kumwona mgeni wake. Huyo amehesabiwa kuliko mtu yeyote niliyemjua maishani, na angetoa karatasi zote hizo kwa mtu mmoja wa kumuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Old Faithful yenyewe? Inaruka kila baada ya dakika 90 hivi, mita 30 hadi 50 na zaidi, na kwa baridi ile mvuke unakuwa mwingi kiasi kwamba maji yenyewe huyaoni vizuri. Watu walipiga makofi kama vile imetuona. Mimi nilipenda zaidi miti ya jirani, ambayo mvuke huigandia matawini hadi inasimama kama watu waliojifunika shuka nyeupe. Nikaenda kuitazama kwa karibu kwenye njia ya mbao, nikavua glavu nipige picha, vidole vikafa ganzi, nikaingia sehemu ya ndani kuvipasha moto, nikaagiza chai. Chai ikanoga.

Dereva alihesabu watu mara ya tatu wakati wa kuondoka, akapata 10.

Sikujua. Nilisikia sauti nje inaita kitu kinachofanana na jina langu, nusu yake imekatika. Nikatoka na kikombe mkononi. Alikuwa anakimbia kwenye theluji na karatasi yake, uso mwekundu. Abiria wote 10 wamekaa garini, mlango wazi, joto limetoka, wananingoja dakika 15. Niliomba radhi kila kiti nilichopita. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyenitania pia. Mzee mmoja alitazama saa yake. Dereva akapanda, akahesabu mara ya nne, 11, akaandika kitu, tukaondoka.

Mtumbwi wa Ukara ungeniacha, bila shaka. Na jioni ile ningekula samaki kwa mtu nisiyemjua.

Jumapili nilimpigia mama mdogo. Amestaafu, amebaki hukohuko kisiwani. Nilimsimulia yote, akacheka hadi akakohoa aliposikia nilivyotafutwa na kikombe mkononi. Kisha akauliza: "Hao mliokaa nao garini kutwa nzima, hata mmoja unamjua jina?" Nikafikiri. Nilijua la dereva, kwa sababu lilikuwa limeshonwa kwenye koti.

Akasema kesho yake anavuka kwenda Nansio kwa ajili ya macho, kwa mtumbwi, kivuko saa zake hazimfai.

"Watakuandika?" nikauliza.

"Aniandike nani? Nahodha nimemfundisha darasa la tatu. Hata nauli hachukui."

"Mama, mwambie akuandike. Kwenye daftari tu. Jina na namba ya simu ya kaka."

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Ng'wanawane," akasema, "mwandiko wa yule mtoto mimi mwenyewe sikuwahi kuusoma."