Serikali Imdhibiti Mtoto au Mwenye Mtandao?

Tarehe 10 Desemba 2025 Australia ilianza kutekeleza sheria inayozitaka kampuni za mitandao ya kijamii, zikiwemo TikTok, Instagram, Snapchat na YouTube, kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Kampuni itakayokaidi yaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo, ilhali mtoto na mzazi wake hawaadhibiwi. Swali lililokuwa likibishaniwa majumbani sasa limefika mabungeni: je, ni kazi ya serikali kumpangia mtoto muda wa kukaa mbele ya skrini na mtandao wa kuingia?

Wanaopinga hukumbusha kwamba malezi ni ya mzazi, na historia inawapa nguvu. Mwaka 2011 Korea Kusini iliwakataza walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Baadhi ya watoto waliingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao, na wengi wakahamia michezo ya simu, ambayo sheria haikuigusa. Ilipofika mwaka 2022 sheria hiyo ilikuwa imefutwa. China imekwenda mbali zaidi: tangu 2021 aliye chini ya miaka 18 huruhusiwa kucheza saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini udhibiti wa aina hiyo hutegemea kila mchezaji kusajiliwa kwa jina lake halisi, na gharama yake ni faragha ya wote, wakubwa kwa wadogo.

Wapinzani hutaja pia utafiti wa Amy Orben na Andrew Przybylski wa mwaka 2019, uliobaini kuwa matumizi ya teknolojia ya kidijitali hueleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi miongoni mwa vijana. Takwimu hiyo naiheshimu, ila inamhusu kijana wa wastani na matumizi yote kwa pamoja. Aliyetumia saa mbili akijifunza kupiga gitaa na aliyetumia saa mbili akiletewa, moja baada ya nyingine, video za kujidhuru wote huhesabiwa saa mbili.

Mwangalie mtoto wa miaka kumi na miwili saa tano usiku, simu ikiwa chini ya shuka. Video inakwisha, na kabla kidole hakijagusa kioo nyingine imeshaanza; akisita sekunde chache kwenye picha ya mwili uliokonda, kusita huko kunarekodiwa na picha za namna hiyo zinaongezeka. Upande wa pili wa kioo hicho wapo wahandisi waliolipwa vizuri ili asiizime simu. Kumtaka ajizuie peke yake ni kumwonea.

Hoja yenye uzito zaidi kwa wanaotaka marufuku ni ile ya mzazi aliyenaswa. Akimnyima mtoto simu, mtoto anabaki nje ya mazungumzo ya darasa zima, akimpa, anajilaumu. Mzazi mmoja hawezi kujinasua mpaka wengine nao wakubali, na sheria ndiyo inayoweza kuwafanya wote waamue kwa pamoja. Hili nalikubali bila kusita.

Hata hivyo marufuku ya umri yana mianya. Marekani iliweka mpaka wa miaka 13 kwa sheria ya mwaka 1998 kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watoto, na tangu hapo watoto wasiohesabika wamejifunza kudanganya mwaka wa kuzaliwa. Ukaguzi wa kweli mara nyingi hudai sura au kitambulisho cha mtumiaji. Isitoshe, mtoto aliyeingia kwa siri akitishwa na mtu mzima mtandaoni atamwambia nani, iwapo kusema ni kukiri kosa? Naye mtoto kiziwi aliyepata huko wenzake wa lugha ya alama, ambao hawapo shuleni kwake, atawapoteza.

Ndiyo maana naona sheria ianze na bidhaa yenyewe. Kanuni za Uingereza za kusanifu huduma za mtandaoni kwa kuzingatia umri wa mtoto zilianza kutumika kikamilifu Septemba 2021. Mwaka huohuo YouTube ilizima, kama mpangilio wa awali, video zinazojianzisha zenyewe kwa walio chini ya miaka 18, na TikTok ikaacha kuwatumia arifa wenye miaka 13 hadi 15 baada ya saa tatu usiku. Hakuna mtoto aliyefukuzwa wala mzazi aliyelazimika kushika saa. Kinachobaki ni kuzilazimisha kampuni zifungulie watafiti huru takwimu zao, na zithibitishe usalama wa kila kipengele kipya kabla hakijamfikia mtoto. Kwa sasa kazi hiyo ameachiwa mama aliyesimama mlangoni pa chumba chenye giza, akiomba simu.