Fundi, Isome Plagi Kabla ya Kushika Bisibisi

Juma lililopita niliisukuma Honda CG125 yangu hadi kwa fundi mmoja karibu na Barabara ya Kirinyaga, kwa sababu ilikuwa ikikohoa na kuzima kila niliposimama kwenye foleni. Fundi aliifungua plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, akaitupa ndani ya mkebe uliojaa plagi kuukuu bila hata kuiangalia, akafunga mpya, kisha akachukua bisibisi na kuanza kuzungusha kila skrubu aliyoiona kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Nilipomuuliza ile ya zamani ilikuwa na rangi gani, alinijibu, "Mzee, plagi ikifa imekufa." Daktari anayemwaga mkojo wa mgonjwa kabla haujapimwa angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, lakini kwa mafundi wetu wa pikipiki huo ndio utaratibu, nasi tunalipa na kushukuru.

Niliitafuta mwenyewe mkebeni. Kauri yake ilikuwa imefunikwa masizi makavu, meusi tii, yaliyobaki kwenye kidole nilipoigusa. Masizi ya namna hiyo yanasema kwamba petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu, au choki, ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, imekwama, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Kama ingekuwa imepakwa weusi mzito unaoteleza, habari ingekuwa nyingine kabisa, kwa kuwa hiyo ni oili. Kama ingekuwa nyeupe na kauri imefanya malengelenge, hewa ingekuwa imezidi na injini inajichoma yenyewe, na hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote kwa sababu mwisho wake ni pistoni kutoboka. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba ile rangi nzuri ya kahawia tuliyofundishwa kuitafuta haionekani wazi kama zamani, kwa maana petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa nchini kufikia mwaka 2006 na isiyo na risasi huacha alama hafifu. Masizi meusi, hata hivyo, hayajawahi kuhitaji miwani.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba tunaishi Nairobi, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban moja ya tano likilinganishwa na Mombasa, ilhali jeti ya kabureta ni tundu la shaba la kupitishia petroli, lisilojua liko wapi. Hewa inayoingia hupungua uzito, petroli haipungui kwa kiwango kile kile, na ule uwiano unaotakiwa, kwa uzito, wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli huharibika kabla hujatoka nyumbani. Pikipiki iliyotuniwa Pwani ikaletwa huku juu inaweza kuchafua plagi hata ikiwa nzima kabisa. Ongeza foleni ya Barabara ya Jogoo, ambako unatambaa nyuma ya matatu huku aksileta imefunguliwa kidogo tu. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake ikifika takriban nyuzi 450 za Selsiasi, joto ambalo katika mwendo huo mara nyingi halifikiwi, kwa hiyo masizi hurundikana mpaka umeme unapata njia ya kupitia juu yake badala ya kuruka pengo.

Sasa fundi hufanya nini? Hubadilisha jeti kuu! Jeti kuu hutawala pale aksileta inapokuwa imefunguliwa robo tatu hadi mwisho, na ningependa kuonyeshwa ni wapi katikati ya jiji, saa kumi na moja jioni, mtu anafungua aksileta kiasi hicho. Anayetambaa anatumia jeti ndogo na skrubu yake, na aksileta ikiwa imefunguliwa wastani anatumia sindano ya ndani ya kabureta, ambayo klipu yake ikipandishwa pingili moja, sindano hushuka na petroli hupungua. Sehemu iliyochafua plagi ni ile anayoitumia mwenye pikipiki kila siku, wala si ile iliyo rahisi kuuziwa.

Kuhusu skrubu yenyewe, inashangaza kuona mtu anayeishi kwa kazi hii akiizungusha bila kujua ni ya nini. Kwa kawaida, ikiwa upande wa kichujio hupima hewa, na ukiifungua unapunguza petroli. Ikiwa upande wa injini hupima mchanganyiko wenyewe, na ukiifungua unaongeza petroli. Aliyechanganya hizo mbili anazidisha ugonjwa huku akiamini anautibu. Tena injini iwe imepata moto, choki haitumiki, na skrubu izungushwe robo kwa robo, huku sikio likisikiliza ni wapi mngurumo unapanda na kutulia.

Hayo yote hufanywa mwisho. Kwanza cheche, kichujio, nafasi za vali, na boya la kabureta, linalozuia petroli isijae, ambalo sindano yake ikilika petroli hupanda kupita kiasi na hakuna skrubu itakayoirudisha.

Najua bodaboda anayesubiri kando hana subira, na kila dakika ya kukaa pale ni abiria aliyempoteza. Kwake plagi mpya ni nafuu kuliko maelezo. Hiyo ni haki yake. Mimi sikuwa na haraka, na niliomba maelezo.

Kuna pia wale wanaokwangua kauri kwa brashi ya waya, wakaacha chembe za chuma zinazopitisha umeme, halafu wakalaumu plagi kuwa ni bandia. Ndiyo, bandia zipo, lakini si zote. Wengine, ili kuyaficha masizi, hufunga plagi ya joto zaidi, yaani ambayo ncha yake hubaki na moto zaidi, na hata hapo hukosea, kwa sababu namba kubwa ya kampuni ya NGK ni plagi baridi zaidi, wakati kwa Bosch namba kubwa ni ya moto zaidi. Na pikipiki inayotoa moshi wa buluu ikiwashwa asubuhi, plagi ikiwa imelowa oili, ifunguliwe ikaguliwe ringi za pistoni na sili za vali. Hapo kabureta haina kesi ya kujibu.