Theluji Tuiache, Tuzungumze Mabanio

Mgeni akifika Moshi, swali lake la kwanza ni theluji ya Kilimanjaro itaisha lini. Nasi wenyeji tumezoea kumjibu kwa majonzi, utadhani siku itakapoisha ndipo mito itakapokauka. Theluji inapungua, hilo halina ubishi. Ila maji ya barafu yanayoingia mitoni ni kidogo mno. Kinachotunywesha ni mvua ya ukanda wa msitu, huko mita 2,000 na zaidi, pamoja na ukungu unaonaswa na miti ukadondoka chini tone kwa tone. Moto ukiteketeza miti ya huko juu, mito inaumia kuliko inavyoumizwa na barafu kuyeyuka. Lakini ukungu haupigwi picha za kuuzia watalii.

Ugomvi wetu wenyewe uko chini zaidi, kwenye mabanio, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto yaingie mferejini.

Chukua skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Majaruba ya Mabogini na Chekereni yalianza kutoa mpunga ambao tambarare hii haikuwahi kuuona, na bei ikawa nzuri. Sasa wewe uko juu ya banio la skimu, Mto Rau unapita mlangoni kwako, na jirani wa chini anajenga nyumba ya bati kwa mpunga. Utafanya nini? Wa juu nao wakalima mpunga. Maji ya skimu yakapungua, sehemu ya mashamba yaliyochongwa kwa gharama kubwa ikabaki kavu. Wapo wanaowaita wa juu wezi. Mimi siwaiti hivyo. Kosa ni kupanga maji ya mto kana kwamba juu yako hakuna mtu.

Wachaga walishalijua hili kwenye mifongo, mifereji yao ya asili. Mfongo ulikuwa na wenyewe, zamu na siku ya kuuzibua, na asiyetokea alitozwa faini, mara nyingi pombe ya mbege. Udhaifu wake uko kwenye banio: mawe, matope, majani na magogo ya migomba. Mvua kubwa ya masika ikija linasombwa, na hata likiwa zima linavuja. Kiangazi, mto ukiwa mwembamba, hakuna wa kusema kwa uhakika nani kachukua kiasi gani. Ndiyo maana watu wanaishia kulala mferejini na majembe.

Sheria tunazo. Ile ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto. Tembea kando ya mito ya Rau na Karanga uone mahindi yanavyokunywa maji kwa mizizi. Vibali vya kutumia maji vinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Moshi. Na haya maji yana safari: yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Ningepewa fedha zinazotumika kila mwaka kupanda miche isiyomwagiliwa, ningejenga banio moja la zege kwenye Rau. Geti la chuma, kipimo kilichochorwa ukutani hata mtoto akisome, na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mtu wa juu, mwingine kwa mtu wa chini.